Siku Bana Mulenga Alipomwambia Baba Hapana

Oili ya gia ina harufu yake, wenye magari ya zamani mnaijua: kali, nzito, kama kitunguu kilichosahaulika kabatini. Wiki iliyopita fundi alifungua difu ya gari la jirani yangu, lile bonge la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma, harufu ikaingia dirishani nikiwa napika, na badala ya kufunga dirisha nikasimama nikaivuta kama mtu anayenusa pilau. Wanangu walidhani nimechanganyikiwa. Hawajui kwamba nyumba yetu ya Hasamba, karibu na Vwawa, miaka ya tisini nikiwa darasa la nne, ilinuka hivyo kila siku, na kwangu hiyo ndiyo harufu ya arusi ya dada yangu.

Baba alikuwa na Landrova ya kijani, kuukuu, aliyoinunua kutoka shamba moja la kahawa lililofungwa. Aliipenda kupita kiasi. Mama alikuwa akisema hadharani kwamba laiti angezaliwa Landrova, naye angeoshwa kila Jumamosi. Dada yangu Tumaini alizaliwa ndani ya gari hilo, njiani kwenda hospitali, kwa hiyo Baba alimtangazia kila mtu, mpaka wakwe watarajiwa kule Ileje, kwamba mwanawe ataingia kanisani kwa gari hilohilo. Wakwe walikuwa na pikapu mpya na waliitoa kwa moyo mweupe. Baba aliikataa mbele ya kikao kizima.

Basi wiki ya arusi yenyewe, gari likipandisha kilima na magunia ya mahindi ya shughuli, tukasikia kitu kikikatika chini, tah! Injini ikanguruma, magurudumu yakagoma. Ilikuwa hafushafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma. Tumaini aliingia chumbani akalia, nami nikalia kwa kumsindikiza, bila kujua hafushafti ni mdudu gani.

Kwa spea za Landrova Baba alimwamini mtu mmoja tu, Bana Mulenga, yaani Mama Mulenga kwa lugha yake, mama wa Kibemba kutoka ng'ambo aliyekuwa na kibanda Tunduma, karibu kabisa na mpaka. Sharti lake lilijulikana: hakuuzii kitu mpaka umletee kilichokufa akione. Ukienda mikono mitupu ukaanza kumweleza kwa maneno, anakuuliza kama ukiumwa jino huwa unamtumia daktari salamu. Kwa hiyo Baba alichomoa kipande kilichokatika, akakifunga kwenye kanga ya zamani ya Mama, na tukapanda basi Vwawa. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya kupimwa viatu vya arusi. Baba alikipakata kile chuma kwa uangalifu kiasi kwamba mama mmoja alimwomba afunue uso wa mtoto, asije akakosa hewa.

Tunduma wakati ule biashara ilikuwa imefunguliwa, na mtu akikohoa tu anauziwa dawa. Hata hatujafika kibandani, kijana mmoja alitukatia njia na hafushafti mpya inayong'aa kwa grisi.

"Mzee, shida yako hii hapa! Orijino kabisa, inaingia yenyewe!"

Nilimvuta Baba koti. Nilikuwa tayari kuibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Baba alimpita yule kijana kama anapita nguzo.

Bana Mulenga alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti, na aliketi kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari. "Mulishani, batata!" alimsalimia Baba kwa Kibemba, yaani hujambo, baba. Akafungua kanga, akapitisha kidole mahali chuma kilipokatikia, kisha akacheka.

"Batata, umeniletea nusu ya maiti. Nusu ingine iko wapi?"

"Imebaki ndani."

"Itoe, itakula difu yote."

"Nitaitoa. Wewe nipe nyingine."

"Awe," alisema, yaani hapana. "Sina. Na ile ya kijana pale nimeiona. Urefu ni wake, meno si yake. Utaifunga leo, kesho difu unga."

"Bana Mulenga, Jumamosi naoza binti."

"Sasa arusi ndiyo inataka gurudumu la nyuma? Toa vipande vyote, ziba vizuri, halafu bonyeza kile kitufe cha njano, magurudumu ya mbele yavute. Lakini polepole, batata. Utafika na utarudi. Ya kwako naenda kuitafuta Ndola, upande wetu."

Tulirudi na viatu vyangu tu. Mama alikuwa mlangoni.

"Baba Tumaini, umekwenda mpaka Tunduma kununua hapana?"

"Angekuwa mwongo, Mama Tumaini, angeniuzia."

Mama alitaka ujumbe wa kuomba pikapu upelekwe Ileje siku ileile. Baba akavaa ovaroli, akalala chini ya gari akipiga mluzi. Nami, nawaambieni ukweli, nilimwonea aibu. Niliamini baba yangu amerogwa na mwanamke wa mpakani.

Jumamosi Tumaini alipanda mbele na shela lake, sisi wadogo tukajazana nyuma na maua ya karatasi. Landrova ikaondoka ikijivuta kwa magurudumu ya mbele. Kwenye kilima kabla ya kanisa, wakwe wote walikuwa wamesimama juu wakitazama, na pikapu yao pembeni, tayari. Gari likasita. Likatafuna kokoto. Likapanda. Vigelegele nilivyosikia pale sijavisikia tena popote, na sauti ya kwanza ilikuwa ya Mama.

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba Baba aliendesha siku ile kwa sababu hakuwa na wasiwasi hata chembe. Ndivyo alivyoonekana kwa nyuma, kofia yake na mabega yake. Kisha, tukiwa watu wazima, Tumaini akaniambia alichokiona yeye aliyekaa mbele. Jasho lilimlowesha Baba kola mpya, na kilima chote alikuwa akinong'ona. Tumaini alidhani anasali. Alipotega sikio akasikia: "Bana Mulenga kasema tutafika. Bana Mulenga kasema tutafika."

Niliumia kusikia hivyo, na nikampenda zaidi. Kumbe Baba aliogopa kuliko sisi wote, na bado aliliwasha gari.