Piano Isiyo na Kitufe

Mwanafunzi akija kwangu na kinanda cha umeme, kabla hajapiga chochote nachukua plasta nyeusi ya mafundi umeme na kubandika juu ya kile kitufe cha transpose, kinachopandisha au kushusha wimbo mzima bila vidole kuhama. Wengine wananuna. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa nitapigaje?" Nikamwambia utapiga kwa vidole, ndiyo kazi yake. Wazazi wao wananiita mkorofi. Sawa. Lakini wanafunzi wangu wanapiga makanisani na kwenye kumbi kuanzia Vwawa mpaka ng'ambo ya mpaka, na mwimbaji akipanda wanapanda naye. Wa walimu wengine wanabaki wanatafuta kitufe.

Mimi shule niliishia la nne. Nilizaliwa Isansa, nyumba ya wakulima wa kahawa, na muziki wangu wa kwanza ulikuwa mashine ya kumenya kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ina mdundo wake. Kahawa zikiwa nyingi ndani inakwenda nzito, zikipungua inaanza kukimbia. Baba anamimina, mimi nazungusha, na mdomoni naweka wimbo juu yake. Mkono wangu wa kushoto, huu uliosifiwa mpaka na watu wa Mbeya mjini, ulisomea pale. Do-re-mi nilifundishwa kwenye kwaya ya kanisa. Nota za kuandikwa kwenye mistari sizijui mpaka leo, na nyimbo nimetunga nyingi kuliko wanaozijua.

Tunduma nilikwenda kijana, kupakia na kupakua malori. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anakimbilia mpakani na kila kitu kinapita pale: mafuta ya kula, sabuni, mitumba, baiskeli. Kinanda changu cha umeme nacho kilipita pale. Nilikinunua Nakonde na kukivusha begani, nikajifundisha mwenyewe, nikaingia bendi. Tulijiita jazz kama bendi za zamani zilivyojiita zote, ingawa tulipiga dansi tu, magitaa, dramu, saksafoni moja na mimi.

Sasa elewa nilivyokuwa napiga, maana bila hilo huwezi kuelewa mengine. Nilipiga meno meupe tu, vile vibonyezo vyeupe vya kinanda. Do yangu ilikaa jino moja, na haikuhama. Mwimbaji akitaka wimbo uwe juu zaidi, mimi sihamishi mkono, nabonyeza kitufe, kinanda chenyewe kinapanda. Wapiga vinanda wote niliowajua mpakani walipiga hivyohivyo. Hatukuona tatizo. Hapakuwa na tatizo.

Halafu dereva mmoja wa kutoka kwenye migodi ya shaba, Mzambia, alikwama kwenye foleni ya forodha, na ndani ya lori lake alikuwa na kanda ya piano tupu. Jazz yenyewe, ya Wamarekani. Hakuna anayeimba, hakuna gitaa. Mtu mmoja na piano yake, na vidole vinaongea kama watu wawili wanaobishana huku wanapendana. Nilipanda kwenye lori nikakaa. Nikamwambia aanze tena upande wa kwanza. Yule dereva akacheka, "Bamudala, umekula kweli leo?" Bamudala ni mzee kwa Kibemba, na mimi sikuwa mzee hata kidogo, ni utani wao. Sikuwa nimekula. Niliposhuka nilikuwa nimeshaamua: nitaigusa piano ya kweli kabla sijafa.

Ikaja yenyewe.

Ukumbi tuliokuwa tunapigia ulikuwa wa mama mmoja, Mnamwanga, aliyeanza kwa kuuza mchele kwa kopo mpaka akajenga ukumbi na vyumba vya wageni. Migodi ya ng'ambo ilipokuwa inauzwa, klabu zao nazo zilifungwa, na Mama akaenda kununua viti na meza. Lori liliporudi, juu ya viti kulikuwa na piano ya kusimama, kubwa, ya mbao nyeusi. Walimwekea kama nyongeza, hawakuwa na pa kuiweka.

Wapakuzi walipoishusha, waliitua vibaya kidogo, nayo ikanguruma tumboni, nyaya zote kwa pamoja. Nilifungua kifuniko hapohapo uani, nikapiga do. Sauti ilitoka nzito, ya mbao na chuma. Nikapiga wimbo mmoja wetu. Mwimbaji wetu, dada mmoja aliyekuwa anauza vitenge sokoni asubuhi na kuimba na sisi jioni, alikuwa amesimama karibu, akaanza kuimba na kukatisha palepale.

"Kaka, umeniweka kisimani. Nipandishe."

Nikapeleka mkono kwenye kitufe. Hakuna. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikainama kuangalia chini. Kule chini kuna vyuma viwili vya kukanyaga, nikakanyaga kimoja, sauti ikavuma tu, haikupanda.

Mpiga solo wetu alikuwa mtu wa maneno. "Zunguka nyuma," akaniambia. "Labda wamekiweka nyuma ili wezi wasikione."

Watu wakacheka. Mimi nilizunguka nyuma kweli. Wakacheka zaidi.

Mama hakucheka. Alikuwa ameshika kiuno anaipima ile piano kwa macho. "Baba, hii unaijua au huijui?"

"Naijua, Mama."

"Maana seremala wangu amesema akizitoa hizi nyaya, humu ndani napata kabati zuri sana la vinywaji. Mbao hii huipati tena."

Nilihisi kama mtu anaongelea kunichinjia ng'ombe. Nikamwambia anipe mpaka Jumapili, kwenye bugi, lile dansi la mchana, watu wakitoka kanisani. Aione inavyofanya kazi, ndipo aamue.

"Jumapili," akasema. "Watu wakicheza, inabaki. Wakikaa kama wapo msibani, Jumatatu seremala anakuja na msumeno."

Wiki ile sikupakia lori hata moja. Nilikaa kwenye kreti la bia mbele ya piano, asubuhi mpaka mchana. Yule dada alipitia kila siku kabla ya sokoni, akaweka furushi lake la vitenge chini, akaniimbia do yake. Nikaitafuta. Ilikuwa kwenye jino jeusi, mahali ambapo vidole vyangu havijawahi kukaa. Nikapiga re, ikakosea. Nikapiga mi, ikakosea.

"Hapo unanitukana," akasema.

"Subiri."

"Nasubiri, kaka, lakini wateja wangu hawasubiri."

Nilimwomba aimbe ngazi nzima taratibu, na mimi nikamfuata jino kwa jino, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenionyesha. Do si jino. Do ni mahali popote mwimbaji anaposimama, na nyingine zinapanga foleni nyuma yake kwa nafasi zilezile. Kwenye kwaya tuliimba hivyo tangu utoto, mwalimu anatoa do kwa mdomo, leo juu, kesho chini, na sisi tunafuata. Koo langu lilikuwa linajua miaka yote. Mikono ndiyo haikuwa imeambiwa. Nilisimama kwenye lile kreti nikapiga kelele peke yangu ukumbini, na mfagiaji akachungulia kuona nani kaumia.

Kuanzia hapo nilikuwa kama nimelewa. Nilihamisha do kwenye kila jino, jeusi na jeupe. Kila nilipohama, mkono ulikaa kivyake na kuniletea sauti ambazo kitufe hakijawahi kunipa. Mkono wa kushoto ukaanza kuzungusha mashine ya kahawa, ile nzito ya kahawa nyingi, na wa kulia ukaanza kubishana nao kama kwenye kanda ya yule dereva. Ukawa wimbo. Wa kwanza kuutunga ambao sikuuazima popote. Dada akaweka maneno ya Kinamwanga ya mwanamke anayemwita mumewe atoke kwenye foleni ya mpaka aje kula, chakula kinapoa.

Piano yenyewe ilikuwa imeshuka kidogo chini ya magitaa kwa uzee. Wapiga gitaa wakalegeza nyuzi kuifuata. Mpiga solo alilegeza huku ananung'unika kwamba hajawahi kuona kijiji kizima kinamfuata kilema. Lakini alilegeza.

Jumapili ukumbi ulijaa. Nami, kwa furaha, nilifanya jambo la kijinga: nilitoa ubao wa mbele wa piano ili sauti itoke kubwa. Ndani yake zile nyundo ndogo zikawa wazi, zinaruka na kugonga nyaya kila ninapopiga. Tulipoanza, watu wote waliondoka kwenye viti na kuja mbele. Nikafikiri wanakuja kucheza. Walikuja kuangalia nyundo. Walisimama wamenizunguka, mikono nyuma, kama watu wa kijijini siku mashine mpya ya kusaga inawashwa. Wazee wawili waliovaa makoti ya kanisani walikuwa wanabishana kama kila nyundo ina uzi wake au zinapokezana. Hakuna mguu uliosogea.

Wimbo wa pili, hivyohivyo. Nikamwona Mama kaunta, amekunja mikono. Nikamwona seremala pembeni yake, alialikwa kabisa, anakunywa soda na kupima piano kwa kidole gumba.

Tukaanza ule wimbo wa kahawa. Katikati, yule dada akaacha kipaza sauti. Aliteremka, akapita katikati ya watu, akaenda kusimama katikati ya ukumbi mtupu, nyuma ya migongo yao wote. Na ili asikike bila kipaza sauti akapandisha. Hakuniambia. Alichukua do nyingine, juu ya ile tuliyofanyia mazoezi wiki nzima, na kumwita yule mume wa kwenye foleni kwa sauti ya mwanamke ambaye chakula chake kimeshapoa kweli.

Magitaa yalipotea. Mpiga solo akanigeukia macho yamemtoka. Mimi sikufikiri. Mikono yangu ilimfuata dada kama koo lilivyomfuata mwalimu wa kwaya, ikatua kwenye meno meusi na kumkuta palepale aliposimama. Kushoto kahawa inamenywa, kulia mabishano. Besi akanisikia akapanda, kisha dramu, kisha solo naye akaja.

Watu waligeuza migongo yao kunielekea mimi ili wamwangalie yeye, na walipogeuka miguu ilikuwa imeshaanza. Wale wazee wa makoti ndio walitangulia, kila mmoja na kiduara chake. Kisha kina mama, na kitenge hiki kinakivuta kile. Vumbi likanyanyuka mpaka kwenye taa. Nilikuwa nawaona kwa pembeni tu, nimelowa jasho, nacheka peke yangu kama mwehu, na sikutaka wimbo ule uishe, hivyo sikuumaliza. Kila alipomwita mumewe nikamrudisha mwanzo.

Tulipomaliza, dada alikuja kunywa maji kwenye glasi yangu. "Nilidhani nimekuacha," akasema.

"Ulijaribu."

Jumatatu nilifika ukumbini mapema, nikamkuta seremala yuko mbele ya piano na futi yake. Nikamwuliza anataka nini hapo.

"Mama kaniita," akasema. "Kaa hapo kwenye kreti."

"Nikae ili iweje?"

"Kaa, mzee, nikupime. Amesema mpiga piano wake hawezi kukaa kwenye kreti la bia mbele ya wateja."

Akanipima kutoka goti mpaka chini, akakata mbao za mninga, akanitengenezea stuli. Stuli hiyo ndiyo ninayokalia sasa ninapofundisha, na plasta naiweka kwenye droo yake.