Anayeajiri Wabunifu

Mama anayeajiri wabunifu katika karakana yetu ya kuunda bodi za mabasi, hapa Nakuru, huweka vyeti kando bila kuvifungua. Humsogezea mwombaji kompyuta, kidole gumba kikisugua kovu la kuchomelea vyuma kiganjani. Jana alikuja Jepleting kutoka Olenguruone, akakiri kwamba hana diploma. Programu ya kuchora alijifunzia saiba, kwenye kompyuta za kulipia.

“Nichoree kiti cha abiria.”

Akachora, akatazama, akakipandisha kidogo.

“Mbona umekipandisha?”

“Nyanya yangu akikaa chini sana hawezi kuinuka, madam.”

Mama alikizungusha kile kiti kwenye skrini, juu, chini, ubavuni. Akavua miwani, akacheka kwa sauti ya chini.

“Njoo na viatu vigumu. Jumatatu tunakichomelea pamoja.”