Mama Zuhura na Tone Lililohama

Wewe cheka tu, lakini hili halikumtokea shemeji wa jirani yangu. Lilinitokea mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, mchana kweupe, hapa hapa Nachingwea.

Nafanya kazi kwenye maabara ya mifugo. Tuna mashine inayochambua mbegu za fahali, za kuzaa majike huku, za madume kule. Mbegu hupita moja moja ndani ya uzi mwembamba wa maji, leza inazimulika, na chini kidogo uzi unakatika kuwa matone. Kati ya kumulikwa na kukatika kuna kuchelewa kidogo mno. Mashine ikikosea kuchelewa huko, inavuta tone la jirani, na mbegu uliyoitaka inakwenda na maji machafu. Aliyenifundisha haya ni Mama Zuhura, mpole kwa watu, mkali kwa kazi. Tulimzika kwao Chunyu, Ruangwa, na udongo niliutia kwa mikono hii.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja tulivuna mbegu za fahali wa mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Chiola. Adhuhuri fahali akaumwa na nyoka, akafa. Mzee akaja mwenyewe, akakaa kwenye benchi nje, kofia mkononi.

"Mwanangu," akaniambia, "humo kwenye kichupa ndimo alimobaki. Nipatie majike, ukoo wake usipotee."

Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi, na chumba kilishapata joto. Kuchelewa nilikwishakupima mapema kwa vishanga vya majaribio, vile tunavyopitisha badala ya mbegu, na namba ilikuwa safi. Nani angepima tena, na mzee wa watu anasubiri? Kidole kilishafika kwenye kitufe.

"Umehesabu kwenye kioo?"

Amini usiamini, sauti niliijua kabla sijageuka. Mama Zuhura alisimama nyuma yangu, amevaa koti lake jeupe lenye kifungo kimoja cha kijani. Na koti hilo hilo, naapa, lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango. Ungefanyaje wewe? Mimi nilimwamkia.

"Marahaba," akasema. "Joto limepanda, tone limehama; uzi haukatiki tena pale pale. Vishanga vya asubuhi havijui hilo. Dondosha chache kwenye kioo cha hadubini, uhesabu."

Nikadondosha. Nilipochungulia kwenye hadubini, karibu nusu ya mbegu nilizoiagiza mashine hazikuwepo. Nikasogeza kuchelewa kidogo, nikadondosha, nikahesabu. Nikasogeza tena. Yeye hakugusa kitu wala hakunihimiza. Miongoni mwa walio hai sijaona subira ile, na miongoni mwa wafu namjua yeye tu. Mwishowe karibu zote zikafika kwenye kioo. Nilipogeuka kumshukuru, nilikuta ukuta.

Leo boma la mzee Masanja lina mitamba wenye paji jeupe la baba yao, naye ananiita fundi. Sifa si zangu. Hadi sasa umeme ukirudi nahesabu upya, na mgongo hunisisimka. Ila zaidi ya woga nabaki na heshima: mtu tuliyemwombea apumzike, akainuka kwa ajili ya kichupa cha mfugaji asiyemjua.

Basi nawe, kama aliyekufundisha kazi yuko kaburini, ifanye alivyokuonyesha. Usipofanya hivyo atakuja kukusimamia, na watu wale walishachoka. Waache walale.