Bei ya Pua Yangu

Mtu akija kwangu na habari anayodhani itanishangaza, humwambia akae chini apumzike, maana anajisumbua bure. Nimekaanga chapati kando ya barabara pale Bugembe nikiwa na miaka kumi na miwili. Nimeibiwa na mfanyakazi wangu mwenyewe, nikamfukuza, nikamrudisha, akaiba mizani ile ile mara ya pili. Nimekula na wakubwa, nimekula na wendawazimu, na mara moja walikuwa meza moja. Shule nilifika darasa la nne. Mwalimu alinituma nyumbani nikalete ada, na mpaka leo bado niko njiani. Pamoja na hayo nina maduka mawili ya mabati, saruji na misumari, moja Jinja mjini na jingine pale pale nilipokaangia chapati. Kwa hiyo nilikuwa na hakika kwamba dunia imeshanionyesha kila kitu ilichonacho.

Basi siku moja akaingia dukani mwalimu wa uchoraji kutoka kituo cha sanaa cha Walukuba. Kituo chenyewe ni lile bwalo la zamani walimokuwa wakila wafanyakazi wa kiwanda. Siku hizi vijana wanajifunza humo kuchora, kucheza michezo ya kuigiza na kupiga ngoma, na mvua ikinyesha wanajifunza kuogelea. Mwalimu aliuliza bei ya mabati mia moja na ishirini, nikamtajia, akakaa juu ya mfuko wa saruji kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Tutafanya siku ya mchango," akasema. "Kutakuwa na ngoma, chakula na mnada. Tunatafuta mgeni ra..."

"Nimekubali," nikamwambia.

"Sijamaliza, mzee."

"Mgeni rasmi. Nimekubali. Saa ngapi?"

Alikuwa na sharti moja. Mgeni rasmi angechorwa picha, uso mzima, na picha hiyo ingepigwa mnada siku yenyewe. Nikakaa kwenye kiti chake Jumapili tatu alasiri, kofia yangu nyeupe kichwani, nondo na mabati nyuma yangu ili watu wajue wanamtazama nani. Jumapili ya tatu aliniruhusu kuona. Wallahi, kofia ilikuwa kofia na macho yalikuwa macho, lakini pua ilijaa kwenye picha kama mpangaji asiyelipa.

"Mwalimu, punguza pua."

"Nikipunguza pua, mzee, atakuwa mtu mwingine. Nani atamnunua?"

Hilo neno, nani atamnunua, nilirudi nalo nyumbani. Mnada wa mchango kwetu una tabia zake. Jogoo wa elfu thelathini huuzwa kwa laki mbili, kwa sababu rafiki za mtu wanampandisha ili aonekane. Lakini nimewahi kuona pia keki ya mgeni rasmi mmoja ikisimamishwa mezani, mshereheshaji akiita bei mpaka sauti ikakauka, na ukumbi mzima ukitazama viatu vyake. Mwishowe yule bwana alijinunulia keki yake, akaila kesho yake peke yake. Sasa hiyo ilikuwa keki. Huu ulikuwa uso.

Na hofu yangu ilikuwa na mwenyewe. Siku mbili kabla ya mchango, mke wangu aliniambia, "Wapiga ngoma wanaokuja kutoka Mbale ni watu wa kwetu. Mama anakuja nao."

Mke wangu ni Mmasaba wa Nakaloke, Mwislamu kama mimi, ila kwao mila ya ukwe haichezewi. Sisi wa Walukuba, tuliozaliwa na wajukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudani, mama mkwe tunamwamkia, tunakaa naye, tunakunywa naye chai. Kwao, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, na hawatazamani usoni. Nina miaka kumi na tisa ya ndoa na watoto watano, na mama yule alikuwa hajawahi kuniona uso, wala mimi wake. Nikienda Nakaloke, mimi hukaa barazani, yeye hukaa ndani, na maneno hupita dirishani kupitia kwa mke wangu, kama barua zinazopita posta.

Neno lake moja tu ndilo lililonifikia bila kupozwa. Nilipokwenda kuposa, shangazi mmoja alilitoa ndani likiwa bado la moto: mama anasema binti yake anaolewa na mdomo. Basi. Nimejenga nyumba, nimeezeka nyumba yake yeye mwenyewe, nimesomesha shemeji zangu wawili, na neno hilo halikufutwa. Nilitaka siku hiyo akae nyuma ya ukumbi, asikie kwa masikio yake watu wakigombania uso wa mdomo aliomwozesha binti yake.

Ndipo nikamwendea rafiki yangu wa Bugembe, muuza matairi ya mitumba, mtu mwenye sauti ya gari bovu na haya ya mbuzi.

"Utakaa pembeni, safu ya pili," nikamwambia. "Picha yangu ikisimamishwa, wewe taja bei. Mtu akipanda, nawe panda. Fedha ni zangu. Usimwangalie mtu yeyote, angalia kofia yangu tu. Ikiwa kichwani, panda. Nikiivua, nyamaza."

"Na mimi napata nini?"

"Utakula pilau."

"Pilau inaliwa na kila mtu pale. Elfu ishirini, bwana mkubwa."

Nikakubali. Ishirini si kitu.

Siku ikafika. Nilikaa mbele peke yangu, kwenye kiti kilichovishwa kitambaa. Mke wangu alikuwa amenionya asubuhi: "Mama atakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Wewe usigeuke. Hata ukuta ukianguka, usigeuke." Nami sikugeuka. Ngoma za Mbale zilipoingia zikipita katikati ya viti, wanawake wakipiga vigelegele na vumbi likiruka, watu wote waligeuka isipokuwa mimi. Nilikaa nimenyooka kama nguzo ya umeme. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba wageni walidhani nina ugonjwa wa shingo.

Wakauza jogoo. Wakauza mkungu wa matoke, ukanunuliwa na kurudishwa, ukanunuliwa tena. Kisha wakaileta picha. Mshereheshaji, kijana mwembamba mwenye suti ya kung'aa, akaizunguka mara mbili.

"Waheshimiwa! Mgeni wetu rasmi huyu hapa, na pua yake imewahi kufika! Tunaanzia laki moja!"

Watu wakacheka. Rafiki yangu akanguruma kutoka pembeni, "Laki moja!" Nikashukuru. Nikahesabu moyoni moja, mbili, tatu.

"Laki moja na nusu huko nyuma! Mwavuli umepanda!"

Moyo ukaniruka kwa furaha. Kumbe kuna mtu ananitaka bila kulipwa! Rafiki yangu akasema laki mbili. Mwavuli ukapanda tena. Laki tatu, mwavuli. Laki nne, mwavuli. Ukumbi ukaanza kuchangamka, na mimi nikaanza kufikiri. Nani anatembea na mwavuli jua likiwaka hivi? Nikamkumbuka. Kuna bwana mmoja anauza saruji ng'ambo ya barabara kutoka kwangu, mtu mkavu, haachi mwavuli wake hata akienda kuoga. Nikaona kila kitu waziwazi. Ananunua uso wangu akautundike mlangoni kwake, aandike chini kwa chaki: bei za huyu ni ghali. Wateja wangu wakipita wanicheke, pua ile ile.

Nikaikandamiza kofia kichwani kwa mikono miwili.

"Laki saba!" akanguruma rafiki yangu.

"Laki saba na nusu, mwavuli! Mwenye mwavuli, hujachoka?"

Huko nyuma wanawake wakacheka kicheko kirefu, cha kujua jambo. Nikadhani wanamcheka yule bwana wa saruji. Nikacheka nami, nikitazama mbele.

"Laki nane!"

"Laki tisa, mwavuli!"

Kwa pembe ya jicho nilimwona rafiki yangu akinikodolea macho. Jasho lilikuwa linamtiririka kwa ajili ya fedha za mtu mwingine. Nilishika kofia kama mtu anayevuka daraja wakati wa upepo. Akafumba macho. "Laki tisa na nusu!"

Nikahesabu tena moja, mbili, tatu. Kisha mshereheshaji akasema polepole, kama anayetangaza mwisho wa vita, "Waheshimiwa... mwavuli umekunjwa."

Nikasimama. Nikainua mkono bila kugeuka, watu wakapiga makofi, na nikajua kwamba huko nyuma karibu na mlango kuna mama mmoja anameza neno lake la miaka kumi na tisa. Furaha hiyo ilidumu mpaka mwenye daftari alipomwendea rafiki yangu kuchukua fedha.

"Mimi?" akasema mjinga yule kwa sauti yake yote. "Mimi nina laki tisa? Mwenye fedha ni yule pale, aliyenunuliwa!"

Kicheko kilichofuata kingeng'oa paa kama lingekuwepo la kung'oa. Nikiwa bado nimesimama, mke wangu akaja kwa pembeni, akaninong'oneza.

"Umefurahi?"

"Umeona bei ya mumeo?"

"Nimeiona. Umemshinda mama."

"Mama gani?"

"Mama mwenye mwavuli. Nimekutumia ujumbe mara tatu, simu umeizima."

"Mgeni rasmi huzima simu," nikasema. Halafu nikauliza, "Lakini yeye, picha yangu ya nini? Si alisema mimi ni mdomo?"

Mke wangu akanitazama kama anavyonitazama nikikosea hesabu ya watoto.

"Ameuza dume la ng'ombe, ndizo fedha alizokuja nazo. Mimi nilidhani anataka jogoo wa mnada. Anasema anazeeka, na hataki kufa bila kuona uso wa baba wa wajukuu zake. Mtu haruhusiwi kumtazama. Picha haikukatazwa na mtu yeyote."

Mimi, ambaye hakuna kitu cha kunishangaza, nilikaa chini.

Hawakuniacha nikae sana. Msafara wa Mbale ulikuwa na mzee wake, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, mkuu wa ngoma. Akawaita wenzake nyuma ya bwalo, wakakaa kikao juu ya ngoma zao. Nilisimama mbali kidogo nikiwasikia.

"Kosa lenyewe linaitwaje?" mmoja akauliza.

"Halina jina. Nani amewahi kugombania bei na mama mkwe wake?"

"Angekuwa amemgusa, tungejua. Mbuzi. Angekuwa amemtazama, tunajua pia. Gauni la gomesi. Lakini amemshinda mnadani, tena kwa mdomo wa kukodi!"

"Basi alipe faini zote mbili," akasema mzee. "Mbuzi kwa kushindana naye, gomesi kwa kumwaibisha. Mkwe, umesikia?"

"Nimesikia, mzee wangu. Lakini sikujua kama ni yeye."

"Ungegeuka ungejua."

"Ningegeuka ningekosa!"

"Kweli," akasema mzee, akitafuta ugoro wake. "Ulikuwa huna pa kutokea. Mbuzi awe dume, na picha aende nayo mama."

Mbuzi nilimpata siku ile ile sokoni Walukuba, basi la Mbale likisubiri, kwa laki moja na elfu themanini. Gomesi, ya rangi ya zambarau yenye mshipi wa kung'aa, mke wangu aliichagua mjini kwa laki moja na ishirini, na alichagua bila kuuliza za bei nafuu. Mama naye akatuma neno kwamba Nakaloke kuna vumbi, picha isiende bila kioo. Fundi wa vioo akachukua elfu sitini na tano.

Likabaki la kumkabidhi. Nitampaje mtu kitu, nami siruhusiwi kusimama mbele yake? Mke wangu ndiye aliyetoa akili. Nikaishika picha kwa mikono miwili mbele ya uso wangu, nikaenda nayo hivyo hivyo kuelekea basi lao, nikiona miguu yangu tu, huku yeye akiniongoza kwa bega: kulia, shimo, simama. Nikasimama. Upande wa pili wa kioo nikasikia mtu akipumua.

Mikono ikaanza kuniuma. Kisha sauti, kavu, ya karibu, ambayo sikuwahi kuisikia bila dirisha katikati, ikaiambia picha:

"Kumbe ni wewe."

Hakuwa akiongea na mimi.

"Hiyo pua," akaiambia picha, "wajukuu zangu wote watano wanayo. Miaka yote nimeuliza imetoka wapi, nikawa namlaumu marehemu mume wangu." Akasogea. "Nilisema binti yangu anaolewa na mdomo. Sasa wewe picha, ukikutana na mwenyewe, mwambie nilikosea."

Nikatega sikio nyuma ya mabati yaliyochorwa.

"Mdomo ni mdogo tu," akasema. "Shida ni pua."

Wanawake wa basi zima wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nyuma ya uso wangu mpaka kioo kikatingishika. Mawingu yalikuwa yamekusanyika juu ya ziwa, na tone la kwanza likaanguka kwenye fremu. Nikanunua mfuko mkubwa wa plastiki kwa mwanamke aliyekuwa akiuza karanga kando ya basi, tukaivika picha, ikapewa kiti chake karibu na dirisha, naye akakaa kando yake.

Siku hizi nikienda Nakaloke bado nakaa barazani. Ndani, kwa mlango ulio wazi nusu, namsikia mama mkwe wangu akinywa chai na mimi. Ananieleza bei ya maharage, ananigombeza kwa kutokuja mapema, na huwa nanyamaza pande zote mbili za ukuta. Siku ile alikuja Jinja na fedha za dume la ng'ombe. Aliondoka na fedha za dume la ng'ombe, na mbuzi, na gomesi, na mimi ndani ya kioo.

Bwalo limeezekwa. Rafiki yangu alidai elfu ishirini zake kabla hajanawa mikono ya pilau, na yule mwanamke wa karanga hakunipunguzia hata kidogo mia tano ya mfuko. Nikijumlisha yote, kuonwa uso na mama mkwe kumenigharimu shilingi milioni moja, laki tatu, elfu thelathini na tano na mia tano.