Maji Yalipobadilika Rangi

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, mwaka ambao mvua ilinyesha vizuri hapa Dubai, kila mtu mtaani kwetu Rashidiya akawa anazungumzia majani yaliyoota milimani. Nilikuwa na umri kama wako sasa, jirani yangu. Rahma alikuwa na miaka saba, Khalfan minne. Mume wangu alituchukua kwa gari pamoja na mama yake, Bi Zuwena, tukaenda kwenye wadi, yaani bonde la mawe ambalo hukaa kavu karibu mwaka mzima. Siku ile palikuwa na kijito chembamba cha maji safi, na kando yake maua madogo ya manjano.

Nilitandika mkeka chini bondeni, karibu na maji, kwenye kivuli cha mwamba. Bi Zuwena alisema afadhali tukae juu, pale tulipoacha gari. Nikamjibu kwa adabu kwamba kule jua kali, lakini moyoni nilisema mama mkwe huyu hakipendi chochote ninachochagua mimi. Nilikuwa na tabia hiyo, sikufichi.

Asubuhi nzima nilishughulika na sufuria ya pilau na kuwakataza watoto. Khalfan, weka hilo jiwe chini. Rahma, toka kwenye tope. Rahma hakutoka. Alichuchumaa palepale, anaangalia vidudu vinavyoteleza juu ya maji. Baadaye akaja nilipokuwa napakua.

“Mama, maji yamekuwa kahawia.”

“Umeyatibua wewe. Nawa mikono tule.”

“Sikuyagusa. Na vile vidudu vimeondoka.”

Nikamwambia khalas, maneno basi. Bi Zuwena ndiye aliyeweka kikombe chake chini.

“Hebu nionyeshe, mjukuu wangu.”

Akaenda, akayatazama maji, kisha akainua macho milimani. Juu yetu palikuwa jua tupu, lakini kule mbali mbingu ilikuwa imefunga, nyeusi. Hakupiga kelele. Alimwambia mwanawe, “Mbebe Khalfan. Acheni vyombo, tupande.”

Mimi nikageuka kuchukua sufuria. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akanivuta, na kwa mkono wa pili akamshika Rahma. Tulipofika kwenye gari tukasikia mngurumo, kisha maji yakaja, mekundu kwa udongo, yanasukuma matawi na mawe. Mkeka ukaenda, sufuria ikaenda. Pale nilipokuwa nimekaa hapakuonekana tena.

Tulirudi nyumbani salama, nami nikaamua watoto hawatatoka tena. Mwaka mzima ikawa shule, nyumbani, na maduka yenye viyoyozi. Rahma akiuliza twende lini, namwashia televisheni. Majira yale mazuri yakarudi, na Bi Zuwena akaja kututembelea, akawakuta watoto wamelala kwenye zulia mchana mweupe, mapazia yamefungwa.

“Kwa nini hawatoki?” akaniuliza.

“Naogopa, mama.”

“Una haki ya kuogopa. Lakini siku ile nani alitwambia maji yamebadilika? Watu wazima watatu tulikuwa tunatazama chakula. Aliyeona ni yule aliyechuchumaa kwenye tope. Leo umemfungia ndani ili awe kama sisi?”

Niliingia jikoni nikalia, si kwa sababu ya ukali wake, maana hakuwa mkali, bali kwa sababu mwaka mzima ulipita na sikuwahi kumshukuru Rahma.

Ijumaa iliyofuata tulijitayarisha kwenda jangwani, sehemu tambarare yenye miti ya ghafu. Mlangoni nikamwambia Rahma, “Siku ile ulisema kweli, na mimi sikukusikiliza.”

“Najua,” akasema, akaendelea kufunga viatu.

Mwanangu, juzi nilikusikia ukimkataza binti yako kushika mchanga, ndiyo maana nakueleza haya. Hewa nzuri huku kwetu haikai. Ukifika mwezi wa tano, jua lenyewe litawafungia ndani bila amri yako. Watoe sasa. Angalia utabiri kwanza, uwaulize wenyeji, beba maji ya kutosha, na usikae bondeni kama kuna wingu milimani. Mkishafika, tia simu kwenye mkoba, waache wachafuke. Na mtoto akikuita uje uone kitu, nyanyuka uende. Mara nyingi itakuwa sisimizi tu. Nenda ukamwone huyo sisimizi, ili mtoto asichoke kukuita.

Mola akukuzie wanao, awape macho ya kuona na miguu ya kuwarudisha nyumbani salama, na wewe akupe subira ya kuwasikiliza wakikueleza walichokiona. Amin.