Afande Funguo

Enzi zetu pale Kirumba, mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja, na kuitazama kulikuwa na masharti. Unanawa miguu bombani, unaacha ndala mlangoni, unamwamkia mwenye nyumba shikamoo, ndipo unakaa mkekani. Ninyi vijana mnaocheka peke yenu na simu kitandani, hata miguu hamjanawa, hamjui utamu wa kucheka watoto ishirini chumba kimoja.

Mwenye nyumba alikuwa Baba Grace, koplo wa polisi. Kila Alhamisi jioni mkewe alitugawia matobolwa, tunatafuna viazi vyetu tukisubiri kichekesho cha kituo cha polisi. Siku moja askari wa kwenye kichekesho alimfungia mwizi wa kuku mahabusu, kumbe funguo kaziacha humo humo ndani. Akawa anambembeleza mwizi amrudishie, na mwizi anadai kwanza aletewe chai na chapati mbili! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Aliyecheka kuliko wote ni Baba Grace mwenyewe, anafuta machozi kwa kofia yake ya kazi.

Kesho yake nikamkuta sokoni Mwaloni, katikati ya akina mama wa dagaa, kamshika mtuhumiwa mkono. Sijui shetani gani alinipanda. Nikapaza sauti: "Afande, funguo umeziacha wapi?"

Masikini, akajipapasa mfukoni.

Soko zima likaangua kicheko. Hata mtuhumiwa alicheka. Mimi nilijiona shujaa, nikatembea kifua mbele hadi nyumbani.

Alhamisi iliyofuata tulinawa miguu kama kawaida. Baba Grace aliitikia shikamoo zetu, akatuwashia televisheni, kisha akatoka kukaa uani kupiga viatu rangi. Kichekesho kizima nilisikia brashi yake. Hakurudi kutazama nasi tena, na mimi niliendelea kula viazi vyake.

Mwaka huu nikasema, sasa nimekuwa mtu mzima, niende nikamwombe radhi. Niliambiwa alistaafu akahamia kwao Misungwi. Nilipofika nikaulizia kwa jina lake kamili. Watu wakatikisa vichwa. Nikasema, yule aliyekuwa polisi Mwanza.

"Aaah, Afande Funguo!" kijana wa bodaboda akadakia. "Panda nikupeleke."

Jamani! Nikapanda. Siku hizi mtoto akimtania mtu kwenye simu, mama yake humkemea akafuta, yakaisha. Jina nililombandika mimi lilisafiri na mzee wa watu hadi kijijini kwao.

Nilimkuta kibarazani, mvi tupu. Nikavua viatu, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akinitazama kwa makini. "Huko barabarani umeniulizia kwa jina gani?"



"Nimeuliza kwa Baba Grace," nikadanganya.

Uso wake ukachanua kama wa mtoto. Akamwita mkewe kwa sauti: "Mama Grace! Njoo uone, kuna mtu bado analijua jina langu!"