Mjane Asiyekuwemo Kitabuni

Niseme mapema: yule mzee wa kanisa nilimchukia, na leo nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye, bado simpendi. Alikuwa kiongozi wa baraza la wazee wa kanisa letu huku Iyula, enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni na wa kwaya. Nilikuwa Mkristo wa kweli, tena ningali Mkristo. Sitaki mtu asome haya akadhani ni manung'uniko ya mpagani.

Kosa langu lilikuwa kuandika. Kwetu kulikuwa na aina mbili tu za masimulizi. Kulikuwa na ngano za sungura na fisi, za kuwatuliza watoto, na kulikuwa na ushuhuda, ambao mtu aliutoa kanisani Jumapili baada ya matangazo. Mimi nilitaka ya tatu: habari za watu kama sisi, wenye majembe na mibuni, ambazo hazikutokea lakini zina ukweli ndani yake. Nikaandika juu ya mjane wa Ruanda, kijiji cha jirani, aliyefiwa na mumewe wakati wa palizi, akabaki na shamba na watoto wanne, na ndugu wa mume wakamgeuka. Humo nikatia wimbo anaouimba akisaga mahindi. Mahadhi niliyachukua kwenye nyimbo zetu za Kinyiha za kulimia, maana sijamwona mjane anayesaga kwa mahadhi ya Kizungu.

Nikaisoma Jumapili, baada ya matangazo, kwaya ikaimba. Watu walilia, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuwaona wakilia. Sikusema kwamba nimetunga. Nilidhani wanajua.

Jumanne, bila kuniuliza, akina mama wa kanisa wakajitwika unga na maharage wakaenda Ruanda kumpa pole mjane. Waliitafuta nyumba niliyoieleza, ng'ambo ya kijito, yenye mgomba mmoja karibu na mlango. Wakaipata, kwa sababu nyumba za namna hiyo ziko tele. Na kwa desturi yetu huingii penye msiba kimyakimya, unaanza kulia ungali njiani. Wakaingia uani kwa mayowe, wengine wakajitupa chini, wakimlilia baba mwenye nyumba. Baba mwenye nyumba alikuwa amekaa kibarazani anakunywa uji.

Aliwafukuza kwa mpini wa jembe. Kesho yake akaja kwetu na ndugu zake, akasema tumemchuria kifo, na kwamba akifa kabla ya mavuno itajulikana nani kamuua. Alikuwa na haki ya kukasirika. Ningekuwa yeye ningekuja na mpini wangu.

Baraza likaniita. Mzee alikuwa amefungua kitabu cha ubatizo mezani.

"Mwalimu, huyu mama alibatizwa wapi? Nimetafuta kitabu chote, hayumo."

"Hayupo, mzee. Nimemtunga."

"Basi umesema uongo mbele ya madhabahu."

"Si uongo. Ni hadithi."

"Hadithi ina sungura," akasema. "Hii ina Ruanda."

Kisha akavuta kitabu cha nyimbo. "Na ule wimbo ni namba ngapi?" Nikamjibu hauna namba. Akawatazama wenzake akitabasamu, kana kwamba amenikamata na kuku wa mtu kwapani. Nikamuuliza, hizo nyimbo zake zilikuwa namba ngapi kabla hazijatungwa? Tabasamu lilimtoka, na hapo nikajua nimekwisha.

Wakanitenga. Nisiisogelee Meza ya Bwana wala nisiiguse kwaya, mpaka nisimame siku ya Jumapili mbele ya watu wote nikiri kwamba nilidanganya. Niliapa kwamba hawatalisikia hilo neno kinywani mwangu. Nikakaa benchi la nyuma miezi minne, nikiisikiliza kwaya yangu ikiburuza nyimbo zenye namba, na kila Jumapili nilirudi nyumbani na hasira mpya.

Ndipo mke wangu akajifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike, mdogo mno, hata kunyonya alishindwa. Nikamwendea mzee, nikamwomba abatizwe upesi. Akasema mtoto wa aliyetengwa habatizwi, na kwamba masharti nayajua. Alikuwa anapuliza chai yake alipokuwa akisema hayo.

Nyumbani mke wangu hakupandisha sauti. "Baba, mtoto akienda hivi hivi, utamwambia nini Mungu? Kwamba ulikuwa unatetea hadithi?" Nilimkasirikia sana, kwa kuwa alisema kweli.

Jumapili, baada ya matangazo, nikasimama. Mtoto alikuwa kifuani mwa mama yake, amefunikwa kwa khanga mbili. Mzee alikaa mbele kabisa, mikono imekunjwa.

"Nilisema uongo," nikasema. "Habari za yule mjane hazina ukweli wowote."

Mzee akaitikia amina. Kanisa zima likafuata, wakiwemo wale akina mama waliokwenda kulia Ruanda. Wakamleta mtoto mbele, akabatizwa papo hapo. Nimeitumikia madhabahu ile miaka mingi tangu siku hiyo, na mbele yake nimesema uongo mara moja tu. Ndio ule walioupokea kwa amina.